Kindi na Kengele ya Mfalme

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, wanyama wa kisiwa cha Lanka walikuwa na mji wao na mfalme wao. Sogeeni karibu, na wewe mwenye kelele ukae kimya, maana hadithi hii nikiisimulia moyo hunilainika na sipendi kukatizwa.

Mfalme huyo alikuwa Simba Mzee. Ndiye aliyechimba bwawa kubwa juu ya mji, maji yakawa yanashuka kwa mfereji hadi kwenye majaruba ya mpunga ya kila mnyama, mkubwa kwa mdogo. Langoni kwake alitundika kengele ya shaba yenye kamba ndefu iliyoburuta chini. Aliyeonewa aliivuta, ngoo! Kama alikuwa mwepesi, majirani walishika kamba pamoja naye. Mfalme alitoka hata kama ana tonge mdomoni, na hakuuliza wewe ni mtoto wa nani. Ah, siku zile!

Kengele hiyo ilikuwa na sheria. Ikishalia, mfalme hali wala hanywi mpaka kesi iishe. Aliyeipiga alitaja shitaka lake kabla jua halijafika utosini, na aliyeipiga kwa mchezo alifukuzwa mjini miaka saba. Mlinzi wa sheria alikuwa Tembo, aliyemshikia mfalme mwavuli mweupe. Mwavuli ule ndio ufalme wenyewe. Tembo akiufunga, mfalme si mfalme tena.

Simba Mzee akafa, kisiwa kizima kikamlilia. Akatawazwa Chui, naye akaapa mbele ya Tembo kwamba atazifuata sheria zote za marehemu. Kuapa aliapa. Lakini hata mwezi haukuisha, akaufunga mlango wa maji ili bwawa lijae, apate mahali pa kujitazama madoa yake. Kisha, kwa kuwa hakutaka usumbufu, akaikata kamba ya kengele, kikabaki kipande kifupi huko juu. Akasema hajavunja sheria yoyote, kwani kengele si ipo palepale?

Majaruba yakaanza kupasuka kwa ukavu. Aliyeumia zaidi alikuwa Mama Kware, mjane mwenye vifaranga sita, ambaye mpunga wake ulikuwa ndio unaanza kutoa masuke. Siku tatu nyingine bila maji, na watoto wake wangekosa chakula mwaka mzima. Aliruka akaing'ata ile kamba, kengele haikutikisika. Jirani yake Kindi, yule mdogo mwenye mistari mgongoni, akapanda akaning'inia hadi mkia ukamuuma, wapi! Wote wawili hawakuwa na uzito, na kipande kile hakikuwa na nafasi ya majirani. Wakubwa nao walimwogopa Chui. Tembo hakunyimwa maji, na asiye na shitaka hana ruhusa ya kuigusa kengele.

Mama Kware akakaa chini akalia. Alisema wangekuwa enzi za Mzee, wasingefika hapa.

"Usilie, mama," Kindi akamwambia. "Kama sisi ni wepesi, tutafute mzito."

Asubuhi yake Kindi akakaa juu ya lango. Jua lilipokuwa limepanda, Chui akapita kwenye matembezi yake, akaamkiwa kwa adabu zote, akaitikia kwa pua. Kindi akasema kuna maneno ameyasikia sokoni lakini anaona haya kuyarudia. Mnajua mwenye majivuno alivyo, hawezi kuachia hapo. Chui akamlazimisha aseme.

"Wanasema umezeeka, Bwana. Eti kamba umeikata juu mno, hata wewe mwenyewe ukiruka huifikii."

"Mimi siifikii?"

"Ni maneno yao. Mimi niliwaambia ungeigusa kwa ncha ya kucha tu, wala kengele isilie."

Chui akarudi nyuma hatua tatu, akaruka, pu! Akaifikia. Lakini kamba ilikuwa ya makumbi ya nazi, na makucha yakanasa ndani ya nyuzi zake. Akabaki ananing'inia. Kadiri alivyofurukuta ndivyo kengele ilivyolia. Ngoo! Ngoo! Ngoo!

Mji mzima ukaja mbio. Wazee wengine walikuwa wanafuta machozi, kwa maana sauti ile hawakuisikia tangu Simba azikwe. Tembo akamnasua Chui kwa mkonga wake, akamuuliza shitaka lake ni lipi. Chui akacheka, akasema alikuwa anacheza tu.

Tembo hakucheka. "Kwa mchezo ni miaka saba, Mfalme. Uliapa mwenyewe." Akaanza kuushusha mwavuli polepole.

Chui akatazama jua, akaona limekaribia utosini. Akamwinamia Kindi, aliyekwisha kushuka langoni, akamnong'oneza, "Nipe shitaka. Lolote lile."

"La uongo utadaiwa shahidi," Kindi akamjibu kwa sauti ya chini. "La kweli hapa mjini ninalijua moja tu. Maji yamefungwa."

Chui akasimama mbele ya watu wake, akasema maji yamefungwa na mpunga unakufa. Tembo akauliza nani ameyafunga. Macho yote yalimwelekea mshitaki.

"Mimi," akasema Chui, kwa sauti ambayo vifaranga wangeishinda.

Sheria ya Simba Mzee ilisema aliyefunga maji atayafungua kwa mikono yake, mchana kweupe, mbele ya wale aliowanyima. Basi Chui akaingia kwenye tope mpaka shingoni, yeye na madoa yake yote, akasukuma na kuhema mpaka mlango ukaachia. Fwaaa! Maji yakashuka kwa mfereji.

Mama Kware alikuwa amesimama kwenye jaruba lake na wanawe sita. Maji yakamfika miguuni. Hakushangilia. Alisema tu, "Laiti Mzee angekuwepo," na Kindi akamshika bawa, wakasimama hivyo muda mrefu wakiutazama mpunga unavyokunywa.

Basi wajukuu zangu, mwenye nguvu akiwaziba wanyonge midomo, iko siku atalazimika kusema shida yao kwa mdomo wake mwenyewe.