Pete Iliyovuliwa Mbele ya Harjafi

Katika mji wa Tibarani, zamani za babu wa babu zetu, alitawala Sultani Kusai bin Munadhiri, mcha Mungu aliyefiwa na mkewe. Naye aliweka nadhiri kwamba msikiti wake mpya utakuwa na mlango wa shaba tupu, na mlango huo utafunguliwa siku ya kwanza ya Ramadhani. Na katika karakana yake walikuwako mafundi arubaini na jini mmoja, Harjafi, aliyefungwa kwa pete, amtii yeyote aivaaye. Kazi yake ilikuwa kupuliza tanuri, maana pumzi yake tu ndiyo iliyoweza kuyeyusha shaba nyingi kiasi hicho.

Zikabaki siku kumi, na Harjafi akaanza kulia kazini, na kila chozi lilikuwa kama mtungi wa maji, na yote yakaanguka tanurini.

Waziri Bahluli, msimamizi wa karakana na mvaa pete, akaja mbio ameshika joho lake lisilowe. "Nyamaza!" akapaza sauti. "Hapa ni kazini, si msibani!"

Jini akatii, akanyamaza. Lakini jini ana pumzi moja tu, ya kulilia na ya kupulizia, na ilipozuiwa, tanuri likazimika. "Puliza!" akaamuru waziri, na pumzi ikatoka baridi, na shaba ikapasuka ndani ya kalibu, chombo cha kuumbia mlango. "Basi cheka, uchangamke!" Na Harjafi akacheka kwa amri, na kicheko kile kikang'oa paa la karakana kikalitupa sokoni, juu ya vibanda vya wauza halua.

"Alhamdulillahi," akanong'ona fundi mmoja, "hakumwambia acheze ngoma."

Sultani akamvua waziri usimamizi, akauliza nani ataweza. Wote wakatazama chini, ila Nargisi binti Haidari, mjane aliyesugua shaba za karakana. "Kwa idhini yako, bwana wangu, nipe mimi."

"Huyu msugua masufuria?" akacheka waziri.

"Ndiyo, mheshimiwa. Hata la kwako nimelisugua, nayajua masizi yake."

Sultani akampa pete, akasema, "Mlango usipokuwa tayari, wewe utatoka Tibarani wala hutarudi, na karakana nitaifunga." Na kaburi la mume wa Nargisi lilikuwa Tibarani, na kila Ijumaa alikwenda kumwombea.

Nargisi akatandika jamvi mbele ya tanuri lililozimika, akaketi, akaivua pete akaiweka chini. Mafundi wakarudi nyuma, maana jini asiyezuiwa na pete aweza kumla mtu pamoja na viatu vyake.

"Harjafi, ndugu yangu, una nini?"

"Nimeamriwa ninyamaze."

"Aliyeamuru alikuwa na pete. Mimi sina. Nakuuliza tu, na ukipenda usinijibu."

Nargisi akangoja pale jamvini, hata ikaadhiniwa alasiri. Ndipo Harjafi akasema, "Mama yangu amefariki, nyuma ya Mlima Kafu. Upepo uliniletea habari. Niliomba ruhusa, waziri akasema majini hawana mama."

Nargisi hakumwambia kwamba siku zinakwisha, wala hakumsimulia msiba wake mwenyewe, ingawa ulikuwa mkubwa. Alisema, "Pole. Pole sana, Harjafi. Alikuwa akiitwa nani?"

"Shamhara."

"Mungu amrehemu Shamhara."

Na mafundi waliposikia jina lile wakaja mmoja mmoja kumpa mkono, na kwa kuwa kiganja cha jini kilikuwa kipana kama jamvi, kila mmoja alishika kidole.

"Sasa unataka nini?" akauliza Nargisi. "Kazi, au ruhusa?"

"Siku tatu, nikamsomee."

"Nenda. Siku ya nne, adhuhuri, nakuhitaji hapa, maana bila wewe hatuwezi. Kwa Sultani nitajibu mimi."

Waziri akakimbilia ikulu. "Amemwachia jini bila pete! Hatarudi, na bila yeye hakuna mlango!" Na siku ya nne Sultani akaja mwenyewe, na askari, na punda aliyekwishatandikwa kwa safari ya Nargisi. Ikaadhiniwa adhuhuri. Nargisi alikuwa akisoma dua.

"Mpandisheni," akasema waziri.

Mara ukavuma upepo wa moto, na Harjafi akasimama mlangoni, amebeba mikononi udongo wa Mlima Kafu, kutoka alikozikwa mama yake. "Nimechelewa?"

"Umefika," akasema Nargisi. "Kula kwanza."

Akala, wakafinyanga kalibu kwa udongo ule, wakasema bismillahi, naye akapuliza mara moja tu, na shaba ikatiririka kama asali. Kabla ya alasiri mlango ulikuwa umesimama, hauna hata ufa.

Siku ya kwanza ya Ramadhani Sultani akausukuma, na bawaba zikasema kwa sauti ya binadamu: "Pole." Na tangu alipomzika mkewe hakuna aliyethubutu kumwambia Sultani neno hilo. Akalia mbele ya raia wake wote, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Baada ya Idi akamposa Nargisi. "Mahari yangu," akasema Nargisi, "pete ivunjwe, na kila mtumishi aliyefiwa apewe ruhusa, na msimamizi wake awe wa kwanza kubisha hodi kwake." Sultani akakubali, na harusi ikaliwa siku saba. Harjafi akawa huru, akabaki karakanani kwa ujira. Waziri Bahluli alipewa kazi ya kutandika majamvi misibani, akaifanya vibaya mwaka wa kwanza, na vizuri mwaka wa pili.

Basi wewe uliyepewa watu chini yako, akilia mmoja wao mbele yako, vua pete kwanza, uulize, kisha ungoje jibu. Na Mungu awarehemu wote tuliowazika. Amina.