Utenzi wa Nyumba ya Bwana Kariithi

Faki Kombo, mshairi ambaye mashairi yake hayakuwahi kumpatia hata kitunguu, alilala chini ya ngazi za nyumba kongwe ya ghorofa, Unguja. Hakuwa na pengine. Siku moja nyumba ikanunuliwa na Bwana Kariithi, tajiri wa Nairobi aliyevuka mpaka ili apate nyumba ya kuwapangishia watalii.

"Ijumaa uhame," alisema Kariithi.

"Taibu, bwana. Ila nyumba isiyosifiwa haipati mpangaji. Niache niitungie utenzi, pamoja na nasaba ya mwenyewe."

Kariithi akavimba kichwa, akakubali. Kila jioni Faki alighani barazani. Hata yeye alijua kwamba vina vyake vinachechemea, lakini majirani walikuja kumcheka, na katika kucheka wakazihifadhi beti zote.

Ijumaa Kariithi akaja na kufuli jipya. "Haya, malenga, toka!"

"Nimeshakunja mkeka, bwana. Utenzi tu ndio haujakwisha. Umefika kwa babu yako."

"Anafanya nini?"

"Ameshika kamba ya mbuzi wa jirani, anatoka naye uani."

"Babu yangu hakuiba mbuzi!"

"Hakuiba, bwana. Mbele ya safari anamrudisha, watu wanampigia vigelegele. Ila beti hizo bado, nami sijui kutunga ila chini ya ngazi."

Barazani majirani walikuwa wakiuimba ubeti wa mbuzi. Kariithi akautwaa mkeka, akautandika mwenyewe.

"Utamaliza lini?"

"Kwa kipaji hiki changu, bwana? Tuombe umri."