Barafu ya Pembe ya Kushoto

Wahenga waliwatazama watu wawili: mmoja ameketi kizingitini akingoja riziki imbishie hodi, mwingine ametoka nyumbani bila kujua aendako. Wakampa haki huyu wa pili. Walisema kwamba mwenda bure si mkaa bure, kwani huenda akaokota. Hawakuahidi kwamba kila atokaye huokota. Walisema tu "huenda". Neno hilo dogo ndilo alilolidharau Fanuel Agade mpaka Krismasi ya mwaka wa 2008, alipokuwa akiishi Dubai na familia yake changa.

Fanuel alikuwa fundi wa viyoyozi na majokofu, mzaliwa wa Vihiga nchini Kenya. Kwa miaka minne alikuwa amefunga mabomba ya hewa baridi katika minara ya Jumeirah Lake Towers, ghorofa baada ya ghorofa, hadi akaizoea mitambo ile kama mpishi anavyolizoea jiko lake. Kisha msukosuko wa uchumi ulioanzia ng'ambo ukafika Dubai. Winchi zikasimama angani kama korongo waliopigwa na bumbuazi. Asubuhi moja kampuni yake ikawakusanya mafundi na kuwaambia khalas, kazi imekwisha. Viza yake ikafutwa, akapewa siku thelathini za kupata mwajiri mwingine au kuondoka nchini.

Mkewe, Rispah, alikuwa na viza yake mwenyewe, kwa kuwa alifanya kazi ya mapokezi katika kliniki ya meno huko Oud Metha. Hata hivyo, cheo chake hakikumruhusu kumdhamini mume wala mtoto. Hivyo basi, siku hizo zikiisha, Fanuel na binti yao Daisy wangepanda ndege, naye Rispah angebaki peke yake. Walikuwa wamekwisha kuishi mbali mbali miaka mitatu kabla ya kuungana. Kuutengua tena uzi huo ni jambo ambalo hakuna kati yao aliyethubutu kulitamka.

Zilikuwa zimesalia siku kumi na moja.

Fanuel alikuwa amepeleka barua za maombi kila mahali. Sasa alishinda chumbani, simu mbele yake, akiikodolea macho kama paka achunguliaye tundu la panya. Alikuwa ameacha kwenda kanisani pia, kwa kuwa kila aliyekutana naye alimuuliza kama amepata, na jibu lilikuwa lilelile.

Daisy, mwenye umri wa miaka sita, hakuambiwa lolote. Yeye alikuwa na mambo yake. Shuleni walikuwa wamechora picha za theluji, naye tangu hapo hakulala wala hakula bila swali.

"Baba, theluji ni pamba?"

"Si pamba. Ni maji yaliyoganda."

"Kama ya kwenye friji?"

"Karibu hivyo."

"Basi ni nani aliyeacha mlango wa friji wazi?"

Rispah alicheka hadi machozi yakamtoka. Fanuel alitabasamu kidogo, kisha macho yakairudia simu.

Asubuhi ya Krismasi ilikuwa na ukungu, na baridi ya Dubai, ile ambayo mgeni kutoka Ulaya huiita joto, iliwafanya watu wa Oud Metha wavae sweta. Rispah alikuwa amepewa ruhusa ya siku nzima na madam wake wa kliniki. Aliamka alfajiri, akasukuma chapati, akakaanga kuku, akavifunga katika karatasi laini, kisha akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Baba Daisy, vaa viatu. Tunaenda kanisani, halafu tunampeleka mtoto akaone barafu. Kuna jumba la maduka kule mbele ya mtaa wa Marina, lina uwanja wa watu kuteleza. Kutazama ni bure."

"Tukatazame barafu ya watu kupitia kwenye vyuma?" Fanuel alijibu bila kuinuka. "Hiyo ni sawa na kunusa mchuzi wa jirani. Nendeni ninyi. Mimi nangoja simu."

"Simu imefungwa kwa mnyororo hapo mezani?"

"Rispah, mtu aliye katika hali yangu hazururi."

Rispah aliuweka mkoba chini. Alikaa kando yake, akasema polepole ili Daisy asisikie.

"Mtu aliye katika hali yako ana Krismasi moja tu aliyo na hakika ya kuila na mkewe. Kama ni ya mwisho hapa, sitaki mtoto aikumbuke kwa mgongo wako."

Maneno hayo yalimchoma kuliko shutuma zote alizokuwa amejirushia mwenyewe. Fanuel alivaa viatu.

Ibada ilikuwa ndefu na yenye shangwe. Baadaye walipanda basi lililopita barabara kuu, Daisy akiwa ameganda dirishani. Walipoipita minara ya Jumeirah Lake Towers, Fanuel aligeuza uso. Daisy akauliza kwa nini winchi zile hazisogei. Rispah akamwambia zimeenda sikukuu.

Jumba lenyewe lilikuwa limepambwa kama bibi harusi. Katikati, nyuma ya uzio wa vyuma, ulitandazwa uwanja wa barafu mweupe kama maziwa, na watu wa kila taifa walikuwa wakiteleza juu yake, wengine kama ndege, wengine kama ndama aliyezaliwa leo. Kando ya uwanja ilisimama misonobari miwili mirefu ya mapambo, mmoja kila upande, iliyofungwa utepe mwekundu. Daisy alishika vyuma kwa mikono miwili. Kisha maswali yakamwagika.

"Baba, huku ndani mimi sisikii baridi sana. Mbona haiyeyuki?"

Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, Fanuel aliulizwa jambo alilokuwa na jibu lake. Alichuchumaa. Alimweleza kwamba chini ya barafu ile kuna mabomba mengi yaliyolala kama mkeka, na ndani yake hupita maji ya dawa yasiyoganda, baridi kuliko barafu yenyewe. Mabomba hulivuta joto la barafu kutoka chini, mchana na usiku. Daisy alisikiliza kinywa wazi. Hata Rispah, aliyedhani anaijua kazi ya mumewe, alisogea karibu.

"Basi mbona ile pale inalia?" Daisy aliuliza, akinyoosha kidole.

Fanuel alitazama. Kweli, pembe ya kushoto, mbali na walipokuwa, barafu ilikuwa na rangi ya kijivu na kung'aa kwa maji. Kamba ya njano ilikuwa imezungushwa hapo. Kijana mmoja aliyeikaribia kamba alizama kidogo kiatu, akaanguka puu! Watu wakacheka.

Fanuel hakucheka. Udadisi, ambao alidhani umekufa pamoja na kazi yake, ulimshika ukosi. Alizunguka uzio mpaka upande ule, mke na mtoto wakimfuata. Je, ni bomba lililoziba? Lakini bomba likiziba, ulaini hufuata mstari wa bomba. Huu ulikuwa wa mviringo, kama sinia. Aliukunja uso.

"Baba," Daisy alimvuta suruali, "mbona utepe wa mti huu unacheza na wa ule mwingine umelala?"

Fanuel alitazama msonobari uliokuwa karibu nao. Utepe wake ulikuwa ukipepea. Akautazama ule wa upande wa pili: utepe ulikuwa umening'inia kimya. Akainua macho darini. Pale juu, mbele kabisa ya tundu kubwa la kupulizia hewa, palikuwa pametundikwa kitambaa kipana chenye picha ya nyota na salamu za sikukuu. Hewa iliyotoka tunduni ilipaswa kusambaa juu ya vichwa vya watu. Badala yake ilikuwa ikigonga kitambaa na kuporomoka moja kwa moja juu ya barafu. Hewa ya kumfurahisha binadamu ni moto kwa barafu, hasa ikiipuliza bila kukoma.

Aliomba karatasi laini iliyofungiwa chapati, akachana kipande chembamba, akainama juu ya uzio na kukinyoosha. Kipande kikapepea kwa nguvu kuelekea chini. Akasogea hatua sita, kikatulia.

"Buda! Rudi nyuma ya laini hiyo," sauti ilimkemea. Alikuwa askari wa ulinzi, Mkenya, jina Dancan likiwa kifuani. "Bosi yuko hapo na amekasirika. Hii kona imewasumbua siku tisa. Wamefungua pampu mara mbili, hakuna kitu. Wanataka kufunga uwanja wote leo, Krismasi!"

"Ndugu yangu, shida haiko kwa pampu. Iko juu."

"Wewe unafanya kazi na nani?"

Swali hilo lilimpiga Fanuel kama kofi. Alikumbuka pasipoti yenye viza iliyofutwa. Mtu asiye na kampuni, akiinama juu ya mitambo ya watu siku ya sikukuu: angeeleza nini? Alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Twende, Mama Daisy," alisema.

Rispah hakusogea. "Una hakika na ulichokiona?"

"Nina hakika."

"Basi tunaenda wapi? Kumwambia mtu kwamba nyumba yake inavuja si kosa."

Fanuel alisimama kati ya mke na mlango. Mwishowe akajiambia liwalo na liwe. Akamgeukia Dancan. "Niitie bosi wako. Nikikosea, utanitoa nje mwenyewe."

Msimamizi wa mitambo alikuwa mtu wa makamo aliyevaa kanzu nyeupe, jina lake Thuwein, mzaliwa wa Dubai wa wazee waliotoka Unguja. Alipowasikia wakizungumza Kiswahili, naye alikifungua chake, kile laini cha nyumbani kwao.

"Haya bwana, naambiwa wewe wajua kilichowashinda mafundi wangu. Hebu nifahamishe, maana mimi kichwa kishanizunguka."

Fanuel hakutia chumvi. Alimwonyesha umbo la ulaini, akamwonyesha tepe mbili, akamwonyesha darini, kisha akaitoa karatasi na kurudia jaribio lake. Thuwein aliitazama karatasi ikipepea, akaitazama tena, akainua macho kwenye kitambaa.

"Kile kilitundikwa lini?" alimuuliza Dancan.

"Tarehe kumi na sita, sir."

"Na barafu ikaanza kuharibika kumi na saba." Thuwein alishika kiuno. "Subhanallah! Sote tumekuwa tukitazama chini. Na wewe, bwana, ulikijuaje?"

"Si mimi, mzee. Binti yangu ndiye aliyeuliza kuhusu utepe."

Kitambaa kilishushwa kwa ngazi ndefu. Barafu haigandi kwa kufumba na kufumbua, basi Thuwein aliwaomba wangoje. Walikaa kwenye benchi, wakala chapati na kuku, Dancan akajipatia paja moja huku akijifanya analinda. Baada ya saa mbili hivi, Thuwein aliikanyaga ile pembe kwa kisigino. Ilijibu ko! kama jiwe.

"Bibie," alimwambia Daisy, "njoo uguse kazi yako."

Daisy alivua glavu aliyoazimwa hapo uwanjani, akaweka kiganja juu ya barafu, akakiondoa haraka, akakirudisha. "Inauma kama moto!" alisema kwa mshangao, kisha papo hapo akauliza, "Kwa nini inauma kama moto?" Thuwein alicheka, akaagiza waletewe viatu vya kutelezea, wote watatu. Rispah alianguka mara nne, Fanuel mara saba. Daisy aliacha kuhesabu yake.

Walipokuwa wakivua viatu, Thuwein alimwuliza Fanuel anafanya kazi wapi. Safari hii Fanuel hakukunja kitu wala kukificha. Alimweleza yote, hadi idadi ya siku zilizosalia.

Thuwein alikaa kando yake. "Mimi si mwenye kampuni, sitakudanganya. Lakini fundi mmoja wetu amerudi kwao, na nafasi yake bado i wazi. Jumapili njoo na vyeti vyako. Utajaribiwa kama wengine. Ukifaulu, inshallah, nitakusemea."

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ndefu kama mwezi. Jumapili Fanuel alikwenda, akawakuta wenzake watano wakingojea nafasi hiyohiyo. Walipewa mtambo mbovu, kila mmoja kwa zamu yake, na Fanuel akatafuta chanzo cha ubovu bila haraka, akianza juu na kumalizia chini. Jioni aliambiwa angojee jibu. Jumanne aliitwa akatie sahihi. Karatasi za viza zilipitishwa zikiwa zimesalia siku tatu tu kabla ya muhula wake kwisha.

Habari zilipofika, Rispah alikuwa kazini. Alijifungia chooni akalia kimya, akanawa uso, akarudi kuwapokea wagonjwa wa meno kwa tabasamu ambalo hakuna aliyejua lilikotoka. Jumapili iliyofuata jioni Fanuel alikwenda tena kanisani, kama zamani. Walipomzunguka rafiki zake na kumuuliza ni nani mkubwa aliyemshika mkono, maana barua alizokuwa amezipeleka hazikuwa zimejibiwa hata moja, alimtazama mkewe, akaona haya kidogo.

"Nilikuwa nimekataa kutoka," alisema. "Mke wangu alinivuta twende tukaone barafu ambayo hatukuwa na haja nayo. Wazee wetu hawakukosea: mwenda bure si mkaa bure."