Biriani ya Bi Sikudhani

Zoezi liliitwa Uhakiki wa Vyakula Vilivyoandikwa Ubaoni Lakini Havipo Jikoni, na mhakiki nilikuwa mimi. Mgahawa uliokosa chakula ulichokitangaza ulifungwa siku hiyohiyo.

Pale Korogwe, ubao wa Bi Sikudhani ulitangaza vitu viwili: maharage na biriani.

"Biriani," nikaagiza, kwa sauti nzito ya serikali.

"Lo, mheshimiwa! Biriani juu ya tumbo lenye vumbi la safari? Watu watanisema. Pasha tumbo kwanza."

Akaleta maharage ya nazi na chapati za moto. Nilikusudia kuonja tu, lakini nililifuta bakuli kwa kipande cha mwisho cha chapati.

"Sasa biriani, mama."

"Haya. Ila afisa aliyepita alimaliza mabakuli mawili kwanza. Lakini yule alikuwa mwanamume wa shoka."

Nikala la pili. La tatu nililiomba mwenyewe.

"Sasa nikupakulie biriani, baba?" akauliza, upawa mkononi.

Nilikuwa nimeshalegeza mkanda. "Usithubutu! Nimeshiba. Mgahawa wako umefaulu."

Mlangoni nilipishana na dereva wa lori.

"Bi Sikudhani, leo kuna biriani?"

"Biriani? Tangu Idi sijapika, mwanangu. Kaa ule maharage."

Kwenye taarifa yangu niliandika kwamba biriani ilihakikiwa na kuridhisha. Nilikula maharage.