Nazi za Bi Kazija

Mpo, wenye masikio? Sikilizeni, leo nimekasirika.

Bi Kazija aliiweka minazi yake wakfu, nazi zake ziwalishe mayatima. Alipokufa, msimamizi wake, Mbwana Shaibu wa tasbihi ndefu, akaziangua zote kwa wali wa harusi ya bintiye.

Mkewe akakuna ya kwanza. Nazi ikalia, "Mimi ni wa mayatima!" Ya pili ikalia hivyo. Ya tatu ikalia hivyo.

"Mume wangu, husikii?"

"Kuna, mwanamke! Wageni wana njaa."

Wali ukaliwa, sinia zikalambwa. Mbwana akainua mikono aombe dua, kinywa kikalia, "Mimi ni wa mayatima!" Wageni wakaitikia, na badala ya amina kikawatoka kilio kilekile.

Hadithi yangu imeishia hapa. Haya, nanyi semeni amina, niwasikie.