Bi Pimbi na Nyota Iliyorudi Nyuma

Hapo zamani za kale, watoto wangu, zamani isiyo na tarehe lakini yenye nyota zilezile mnazoziona leo, wanyama walikuwa na nyumba, vyungu na majirani, na walijuliana hali kila asubuhi kama sisi.

Katika nchi yao kulikuwa na kilima cha mawe matupu. Ndani ya kilima mlikuwa na pango, na ndani ya pango mlikuwa na chemchemi. Katika pango hilo aliishi Bi Pimbi, mnyama mdogo asiye na mkia, pamoja na mumewe na watoto wao wanne.

Mwaka ule mvua ilikataa. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi. Wanyama wote, wakubwa kwa wadogo, wakawa wanakuja kunywa pangoni, na Bi Pimbi hakumfukuza mtu.

Basi alfajiri moja, kabla jua halijachomoza, ardhi ilitetemeka. Ngruuuum!

Alikuwa Mfalme Simba, na nyuma yake Fisi, mpiga mbiu wake. Hawakupiga hodi.

"Kuanzia leo chemchemi hii ni yangu," alisema Simba. "Wadogo walambe umande."

"Umande uko wapi, Mfalme?" aliuliza Bi Pimbi. "Mwezi wa tano huu sijauona."

"Basi walambe mawe! Na pango nalitaka pia. Mwezi mpya ukiandama, nisikukute hapa, wewe na hao wako."

Fisi aliwatazama watoto wanne wa Bi Pimbi, akameza mate. Glu!

"Wamenona, Mfalme. Sijui wanakula nini na ukame huu."

Bi Pimbi aliwavuta watoto nyuma yake. Waende wapi? Uwandani kuna tai, na pimbi asiye na jiwe la kujificha hafiki jioni. Wakibaki, Simba. Wakitoka, tai. Akainua macho juu, kama mtu anayetafuta maneno mbinguni.

Na huko juu akaiona.

Upande wa magharibi kilikuwapo Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo kinachowaambia wakulima wakati wa kushika jembe. Karibu nacho iling'aa nyota moja kubwa, nyekundu kama kaa la moto. Wiki tatu zilizopita ilikuwa mbali. Sasa ilikuwa imesogea.

"Mfalme," alisema Bi Pimbi, na sauti yake ikatetemeka kwa hofu ya kweli, "mimi nihame, sawa. Lakini wewe utakula nini, yule akishammeza Kilimia?"

"Yule nani?"

"Mirihi. Yule mwekundu. Humwoni anavyomnyemelea?"

Fisi akacheka. "Hii-hii-hii! Nyota haitembei!"

"Nyingine hazitembei. Huyu anatembea. Mwekee alama leo, mtazame keshokutwa."

Simba aliweka alama kwa kuchuchumaa nyuma ya jabali lenye ncha mbili. Siku ya tatu akachuchumaa palepale, akatazama, na manyoya ya shingo yakamsimama. Mirihi alikuwa amemsogelea Kilimia!

"Akimmeza Kilimia, nani atawaambia watu walime?" alisema Bi Pimbi polepole. "Mvua itajuaje njia? Bila mvua hakuna majani. Bila majani hakuna swala. Bila swala, Mfalme..."

"Nyamaza!" alinguruma Simba. Kisha akashusha sauti. "Anaweza kuzuiwa?"

"Naweza kumsimamisha. Naweza kumrudisha alikotoka. Lakini siwezi kufanya kazi hiyo nikiwa na kiu, wala majirani zangu wakiwa na kiu."

Simba alifikiri. Akaita wanyama wote, akaapa mbele yao kwa manyoya ya shingo yake: mwezi mpya ukiandama Mirihi akiwa amerudi nyuma, chemchemi itakuwa ya wote na Bi Pimbi atabaki pangoni mwake. Hadi siku hiyo wadogo wanywe kidogo.

"Na asiporudi?" aliuliza Fisi, akijilamba.

"Asiporudi," alisema Simba, "kwanza watoto, kisha mama."

*

Sasa msidhani Bi Pimbi alikuwa mchawi, watoto. Alikuwa mjukuu wa bibi yake, basi. Bibi huyo alilala juu ya jabali miaka mingi akitazama mbingu, naye alimwachia mambo mawili. La kwanza ni wimbo:

*Mirihi enenda zako, mwendo ukipungukiwa,*
*wasimama peke yako, wageuka waitiwa.*

La pili ni kibuyu. Kila mwezi ulipoandama, Bi Pimbi alitia humo kijiwe kimoja. Vijiwe vikifika ishirini na sita tangu Mirihi aliporudi nyuma mara ya mwisho, basi amekaribia kurudi tena. Bi Pimbi aliamini vimefika. Aliamini tu, hakuwa amehesabu.

Akakimbia nyumbani, akakishika kibuyu, akakitikisa.

Kimya.

"Mume wangu! Vijiwe vyangu viko wapi?"

Mumewe alikuwa ameinama juu ya ubao wa bao, akicheza na Nguchiro. Hakuinua kichwa. "Vipi? Vile vya kibuyuni? Tulipungukiwa kete."

"Vilikuwa vingapi?"

"Ningehesabu saa ngapi, mke wangu, na mwenzangu ananifunga?"

Bi Pimbi alikaa chini, puu! Vijiwe vyake vilikuwa vimechanganyika na kete nyingine, na jiwe halina jina. Je, vilikuwa ishirini na sita? Au ishirini? Kama ni ishirini, Mirihi atampita Kilimia na kuendelea zake miezi na miezi, na watoto wake wanne...

Alitoka nje.

Nje alimkuta Mzee Kobe, aliyekuja kunywa. Kobe akamtazama usoni.

"Binti yangu, uso wako umekuwa majivu. Kuna nini?"

Akamweleza yote. Kobe akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Lakini kwa nini arudi nyuma? Mimi nikishika njia sirudi."

"Bibi alisema harudi kweli. Alisema Jua liko katikati, na sayari zinalizunguka, kila moja kwenye njia yake. Zebaki ndiye wa ndani kabisa, kisha Zuhura, kisha sisi, Dunia. Nje yetu ni Mirihi. Mbali zaidi kuna Mshtarii na Zohali, wazee wazito wanaojikokota. Wa ndani ana mbio, wa nje ni mzito wa miguu."

"Dunia inatembea? Mbona sijaanguka?"

"Hata kupe haanguki mgongoni mwa nyati, babu. Njoo nikuonyeshe."

Wakashuka chini ya kilima. Kobe akaanza kukizunguka kwa njia ya nje, kata-kata, kata-kata. Bi Pimbi akakizunguka kwa njia ya ndani, mbio, akitokea nyuma yake. Mbali uwandani ulisimama mti mmoja wa mgunga. Bi Pimbi alimkazia macho Kobe. Mwanzo Kobe alionekana hajaufikia mgunga, akiusogelea. Bi Pimbi alipokuwa akimkaribia na kumpita, mambo yakabadilika. Kobe akaonekana kupunguza mwendo. Akasimama. Akaanza kurudi, akiuacha mgunga!

"Babu, umerudi nyuma!"

"Mimi? Thubutu! Nimekwenda mbele tu, na magoti yananiuma."

Bi Pimbi akacheka, mara ya kwanza siku ile. Kisha kicheko kikakatika. Kumbe kabla ya kurudi, Kobe alipunguza mwendo. *Mwendo ukipungukiwa.* Basi vijiwe vimepotea, lakini Mirihi mwenyewe hajapotea. Mwendo wake ungesema kama siku imekaribia.

*

Kila alfajiri Bi Pimbi alikaa palepale juu ya jabali, akanyoosha mkono ameshika unyasi. Ncha ya unyasi aliilinganisha na Kilimia, na mahali alipokuwa Mirihi akauma alama kwa meno. Nyo!

Alfajiri ya kwanza hadi ya pili, alama zilipishana kwa upana wa punje ya hindi. Moyo ukamwambia: bado ana mbio huyu.

Siku ya tano, punje ya mtama.

"Anapunguza," alinong'ona.

"Au mkono wako unatetemeka," alisema mumewe, ambaye sasa hakulala tena wala hakucheza bao.

"Unatetemeka pia. Nishikie kiwiko."

Mwezi nao ulikuwa unaisha. Kila alfajiri ulikuwa mwembamba kuliko jana, kama mkate unaomegwa na mtu asiyeonekana. Na kila alfajiri Fisi alipita chini ya jabali akiimba, "Mwezi wakonda, watoto wanona! Hii-hii-hii!" Watoto walijibana kwenye ufa wa jiwe, mmoja juu ya mwingine, wasitoke hata kwa haja.

Siku ya tisa, alama zilipishana kwa unywele.

Siku ya kumi na mbili mwezi haukuonekana kabisa. Mirihi alikuwa mkubwa, mwekundu kuliko siku zote, karibu kabisa na Kilimia. Bi Pimbi akauma alama. Ilianguka juu ya alama ya jana.

"Amesimama!" alipiga kelele. "Mfalme, njoo uone! Amesimama!"

Simba akaja, akachuchumaa nyuma ya jabali lake la ncha mbili, akatazama kwa muda mrefu.

"Amesimama," alikubali. "Lakini hukuahidi kusimama. Uliahidi kurudi."

"Na mwezi unaandama leo jioni," alisema Fisi. "Nimeshachuma ndimu."

Jioni wanyama wote walikusanyika kilimani kutazama mwezi. Lakini upande wa magharibi mawingu yalikuwa yametanda, mazito, ya kwanza tangu mwaka uanze. Jua likazama nyuma yake. Macho mia yakatafuta ule uzi mweupe.

"Ule! Ule pale!" alipaza sauti Fisi. "Nimeuona! Umeandama! Mfalme, nilete sahani?"

Simba akasimama. Watoto wakalia ndani ya ufa, kwii, kwii. Bi Pimbi akasimama mbele ya ufa.

"Fisi ameuona. Vema. Shahidi wake nani?"

"Shahidi wa nini?"

"Tangu lini katika nchi hii tumeandamisha mwezi kwa jicho moja lenye njaa? Aliyeuona pamoja na Fisi ajitokeze!"

Wanyama wakatazamana. Mzee Kobe akakohoa.

"Mimi nina miaka mia na kumi," alisema. "Naona wingu."

"Wingu," alisema Nguchiro.

"Wingu tupu," walisema swala, na nyati, na ndege wote.

Simba aliyatazama mawingu, akawatazama raia zake waliosikia kiapo chake. Hata mfalme hawezi kuandamisha mwezi peke yake. "Basi ni kesho," alinguruma. "Lakini kesho haihitaji shahidi."

Hakuna aliyelala. Mawingu yaliyomwokoa Bi Pimbi jioni sasa yakatanda mbingu nzima, na alfajiri ilipokaribia hakukuwa na nyota hata moja. Bi Pimbi alisimama juu ya jabali ameshika unyasi wake, mumewe ameshika kiwiko chake, na chini yao Simba akichuchumaa. Nyuma ya Simba meno ya Fisi yaligongana. Ka-ka-ka.

"Giza," alisema Fisi. "Asiyeonekana hajarudi."

"Subiri," alisema Bi Pimbi.

"Kunakucha!"

"Subiri, nimesema."

Upepo ukaja. Ukaleta harufu ya ardhi iliyolowa mahali fulani mbali. Wingu likapasuka kidogo, upana wa mlango tu, na mlangoni mwake kikatokea Kilimia, na kando yake lile kaa jekundu.

Bi Pimbi akanyoosha unyasi. Mkono haukutetemeka. Akauma.

Nyo!

Alama mpya ilikuwa upande wa pili wa ile ya jana. Kwa unywele mmoja tu, lakini upande wa pili.

Simba alifumba jicho moja, akafumbua, akatazama tena katikati ya ncha mbili. Akarudi nyuma hatua tatu, mkia kati ya miguu.

"Anarudi," alisema kwa sauti ndogo ambayo raia zake hawakuwahi kuisikia. "Mwanamke, amekutii."

Bi Pimbi alikuwa ameshuka kwenye ufa, anawahesabu watoto wake. Mmoja, wawili, watatu, wanne. Akawahesabu tena.

Asubuhi ile wote walikunywa, wakubwa kwa wadogo. Baada ya siku nane mvua ilishuka, na Fisi akala ndimu zake.

Miezi miwili na zaidi ikapita. Alfajiri moja, ngruuuum! Simba alikuja kilimani anatweta.

"Tapeli wewe! Mirihi amegeuka tena, anakwenda mbele! Na hamli Kilimia, anampita kando tu kama mpita njia! Umenidanganya!"

Bi Pimbi alimchungulia kutoka ndani ya ufa, mahali ambapo kucha za simba hazifiki. Chini yao mto ulikuwa umejaa, na hakuna aliyekuwa na haja na chemchemi.

"Mirihi alikwenda, akasimama, akarudi, kama nilivyokuambia. Uongo wangu ulikuwa mdogo, wa mambo mawili tu, Mfalme," alisema. "Kwamba anakula, na kwamba ananisikiliza."

Ndiyo hivyo, watoto: mwenye nguvu hutazama alipokanyaga, lakini mnyonge anayetazama juu na kuweka alama huiona kesho kabla haijafika.