Kinyonga, Fisi na Gemu Isiyosubiri Zamu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa benchi moja, padi mbili za kuchezea gemu, na ugomvi usiokwisha!

Hapo zamani wanyama walikuwa na kibanda cha gemu. Umeme waliutoa wapi? Mimi sijui, nawe ukiniuliza tena nitaacha kusimulia. Kibanda kilikuwa cha Bi Nguchiro, na sheria yake ilikuwa moja tu: aliyeshindwa anapisha, aliyeshinda anabaki kwenye benchi.

Gemu waliyoipenda ni ile ya mashujaa wanaozunguka nchi wakipigana na mazimwi, na wakikosa mazimwi, wanapigana wao kwa wao. Katika sehemu ya kwanza, mapigano yalikwenda kwa zamu. Shujaa wako anapiga, kisha anasubiri. Shujaa wa mwenzako anapiga, kisha anasubiri. Ukitaka kufikiri mpaka uji upoe, fikiri.

Bingwa wa sehemu ya kwanza alikuwa Kinyonga. Njiani kila mnyama alimpita. Kisimani alifika wenzake wameshaondoka. Lakini kwenye benchi la Bi Nguchiro hakuna aliyemharakisha, na Kinyonga alipapenda mahali pale kuliko tawi lake la kulalia.

Kisha ikaja sehemu ya pili. Zamu zimeondolewa! Mwenye kupiga apige, mwenye kuzubaa apigwe. Kibanda kikagawanyika. Swala na Kobe wakasema, "Gemu imeharibiwa." Ngedere na Kwale wakasema, "Gemu imepona." Wakabishana asubuhi, wakabishana mchana, wakabishana hata pale walipokuwa wanakubaliana.

Fisi hakubishana. Fisi alishinda. Alikuwa na nguvu na mate mengi, akabonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Ta-ta-ta-ta! Ngedere akapisha. Ta-ta-ta-ta! Swala akapisha. Benchi likawa la Fisi, padi zikanuka Fisi. Lakini Fisi ni Fisi, akipata paja hutaka na kwato.

"Bi Nguchiro," akasema, "ile diski ya sehemu ya kwanza inajaza nafasi bure. Itupwe mtoni."

Kinyonga akasikia moyo wake unakwenda mbio, jambo ambalo halikuwahi kutokea mwilini mwake. Aliogopa kwelikweli.

"Usiitupe, Bwana Fisi. Mimi nitacheza nini?"

"Utacheza na nzi, kama babu yako. Au unishinde kwenye hii ya pili. Ukinishinda, diski ibaki. Nikikushinda, diski mtoni na wewe mtini, usirudi tena hapa."

Bi Nguchiro akasema sawa, kwa kuwa mwenye benchi ndiye mwenye kauli.

Kinyonga akaomba kwanza amtazame Fisi akicheza na Kwale. Jicho moja akalipeleka kwenye runinga, jicho la pili akalipeleka kwa Fisi. Jicho la kwanza likaona kwamba kila shujaa ana mstari wa pumzi, kila pigo linaupunguza, na ukiisha shujaa hupiga magoti akihema, pigo moja tu likamwangusha. Likaona pia kitufe cha ngao: ukikishikilia usikiachie, pigo haliingii. Jicho la pili likaona kwamba Fisi hautazami mstari ule hata kidogo. Kwa nini autazame? Wapinzani wake wote walianguka mapema.

Kwale akapisha. Kinyonga akapanda benchi, polepole, akainamisha kichwa.

"Bwana Fisi, mimi mnyonge wako. Nakuomba jambo moja tu. Wewe uanze. Upige mpaka utosheke, ndipo nami nipige pigo langu moja, nisiseme sikujaribu."

"Mpaka nitosheke?" Fisi akacheka, hi-hi-hiii! "Nimekubali."

Swala akamnong'oneza Kinyonga, "Umerogwa? Tangu lini Fisi akatosheka?"

"Hapo hapo ndipo nilipoweka tumaini langu," akajibu Kinyonga.

Akashika kitufe cha ngao. Na Kinyonga akishika, ameshika. Upepo wa masika wenyewe umeshindwa kumbandua tawini.

Fisi akabonyeza. Ta-ta-ta-ta! Ngao ikalia, kong! Kinyonga akashika.

"Umetosheka, Bwana Fisi?"

"Bado!"

Fisi akabonyeza. Ta-ta-ta-ta! Ngao ikalia, kong, kong! Kinyonga akashika.

"Umetosheka, Bwana Fisi?"

"Bado! Ndiyo kwanza naonja!"

Fisi akabonyeza. Ta-ta-ta-ta, ta-ta... Mstari wa pumzi ukaisha. Shujaa wa Fisi akapiga magoti, haa, haa, haa.

"Padi mbovu!" Fisi akafoka. "Mimi sijatosheka!"

"Basi piga, Bwana Fisi. Nakusubiri."

Fisi akabonyeza. Kimya. Shujaa wake anahema tu.

"Anayeambiwa piga asipige, ametosheka," akasema Bi Nguchiro. "Kinyonga, zamu yako."

Ndivyo zamu ilivyoingia katika gemu isiyo na zamu.

Kinyonga akanyanyua mguu aupeleke kwenye kitufe cha pigo. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Mstari wa pumzi wa Fisi ukaanza kujaa tena. Swala akafumba macho. Kobe, hata Kobe, akapiga kelele, "Fanya haraka, ndugu yangu!"

Mguu haukufika. Ukafika ulimi. Chwap!

Shujaa wa Fisi akaanguka kifudifudi. Fisi akapisha. Kinyonga akaikumbatia diski yake ya sehemu ya kwanza, akalia kwa furaha, na machozi yenyewe yakashuka polepole.

Kesho yake Bi Nguchiro akamwuliza, "Nikuwekee ile yako ya zamani?"

"Baadaye kidogo," akasema Kinyonga. "Kwanza niwekee hii ya pili."

Chwap! Ngedere akapisha. Chwap! Kobe akapisha. Na hiyo baadaye haikufika.

Mwaka uliofuata ikaja sehemu ya tatu. Zamu zimerudishwa! Unajua nani alilalamika wa kwanza?

"Gemu imeharibiwa!" akapiga kelele Kinyonga. "Nani ana muda wa kusubiri?"

Na ile diski iliyoponea chupuchupu kutupwa mtoni? Ilikuwa pembeni, kwenye runinga ndogo, na mbele yake ameketi Fisi peke yake. Anapiga, kisha anasubiri. Anapiga, kisha anasubiri. Kila anayepita, Fisi humwambia, "Gemu ni hii, mwanangu. Enzi hizo kulikuwa na adabu."

Basi funzo la ngano hii ni kwamba polepole ndiyo mwendo, haraka haraka ina baraka, na ya kale ni dhahabu. Chagueni lolote hapo, mradi ndilo mliloshindia.

Nami ngano yangu naizima hapa. Ikiwa nzuri, ichukueni. Ikiwa mbaya, semeni kama wasemavyo wachezaji: ya kwanza ilikuwa bora.